Fuliza Si Mshahara



Mmezoea kusoma hapa mambo ya vitambulisho, ya vijana kukamatwa ovyo, ya msichana kurudishwa nyumbani kwa sababu ya hijabu. Leo nataka tuongee kuhusu hiyo simu umeshika. Ingia kwa meseji za M-Pesa. Usiende mbali, wiki moja tu. Hesabu ni mara ngapi umeona neno Fuliza, halafu urudi.

Umerudi? Kama hukuliona hata mara moja, alhamdulillah, mtumie mwenzako. Kama umeliona mara tatu, nne, saba, basi kaa chini, na usione haya, kwa sababu anayekuandikia alikuwa huko hadi juzi.

Niseme ukweli, naandika hii nikiwa na hasira. Wiki mbili zilizopita hapa Machakos mjini nilikaa kwa darsa moja, ustadhi akasema vijana wa leo wanakopa kwa simu kwa sababu hawana nidhamu na wanapenda starehe. Wazee wakaitikia. Tulipotoka nje tukasimama na mayouth karibu na stendi ya boda, wao nao wakasema: ustadhi anaongea tu, kazi hakuna, unga iko juu, serikali imetukalia, sasa mtu asipokopa ale nini? Nikaitikia na hapo pia. Kufika nyumbani ndio nikaona kila upande umeshika ile nusu ya maneno iliyo rahisi kwake, na ile inayouma umemwachia mwenzake.

Tuanze na ustadhi, kwa heshima.

Ustadhi wangu, umewahi kuangalia hizo tozo? Fuliza ilianza Januari 2019. Kazi yake ni moja: unataka kulipa kitu, salio halitoshi, inakujazia. Inakata asilimia 1 hapo hapo, halafu inatoza kila siku mpaka umalize deni. Oktoba 2022 viwango vikapunguzwa na sote tukapiga makofi. Lakini hebu visome polepole hivyo vilivyopunguzwa. Anayekopa kati ya shilingi 501 na 1,000 anatozwa shilingi 6 kwa siku, siku tatu za kwanza bure. Anayekopa kuanzia 2,501 hadi 70,000 anatozwa shilingi 25 kwa siku.

Rudia hiyo ya mwisho. Mama mboga aliyepungukiwa akachukua 2,600 analipa 25 kwa siku. Mwenye limiti ya 70,000 akiichukua yote analipa hiyo hiyo 25. Kwa siku thelathini ni 750 kwa kila mmoja, bado hujahesabu ile asilimia 1 na ushuru wa serikali. Kwa yule mkubwa, 750 ni kama asilimia 1 ya alichochukua. Kwa mama mboga ni karibu asilimia 29. Haya, hapo asiye na nidhamu ni nani?

Na yule wa 600, ya unga na mafuta ya kupima? Akikaa nayo mwezi mzima ni siku 27 mara 6, yaani 162, ongeza shilingi 6 za kuingilia. Amelipa 168 juu ya 600. Shailoki wa mtaani tunamkimbia kwa bei kama hiyo, tena tunamsema vibaya.

M-Shwari ni mkubwa wake, alizaliwa Novemba 2012. Asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku thelathini. Inasikika ndogo kwa sababu inasemwa kwa mwezi. Ukiisema kwa mwaka ni 90. Hustler Fund ilipokuja Novemba 2022 na asilimia 8 kwa mwaka, wengi wetu tulisimama tukasema hapana, hiyo ni riba. Sawa kabisa. Lakini hiyo ya 90 tulikuwa nayo mfukoni miaka kumi na hatukusema kitu, kwa sababu yenyewe inaitwa "ada". Mimi si sheikh, muulize wako. Ila najua nguruwe ukimpa jina la mbuzi bado hatumchinji.

Na bei siyo ubaya wake mkubwa. Ubaya ni kwamba pesa ikiingia tu, deni linakatwa kwanza kabla hujaiona. Mshahara wa elfu 15 unaingia tarehe 30, elfu nne zimekwenda kabla simu haijaacha kulia. Tarehe 8 umeishiwa, unachukua tena. Mwezi ujao zinakwenda tano. Mtu anazoea, anaanza kuhesabu limiti kama sehemu ya kipato chake. Unamsikia anasema "niko na elfu sita", ukimuuliza ziko wapi, anakuonyesha limiti. Ndugu yangu, huo ni mshahara wako wa mwezi ujao, unauziwa leo kwa bei ya juu.

Sasa mayouth wenzangu, msishangilie bado.

Mwaka jana nilikuwa na madeni saba. Simu, marafiki, duka la chini ya nyumba, yote pamoja shilingi 23,400. Mke wangu alijua mawili. Siku moja nikaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, ile unaomba kwa *334#, nikaichapisha kwa saiba, nikanunua kalamu nyekundu. Niliketi nikiwa nimejiandaa kabisa kuilaani serikali na bei ya unga.

Unga haikuwa shida. Wallahi, unga ndiyo ilikuwa kitu cha heshima zaidi kwenye zile karatasi.

Bando la shilingi 50 kila siku: 4,500 kwa siku tisini. Boda ya kwenda na kurudi, mwendo ambao kwa miguu ni dakika kumi na tano, shilingi 100 kwa siku, siku sita kwa wiki: 7,800. Michango ya harusi: 6,500, na moja kati ya hizo harusi mpaka leo sijui bwana harusi anaitwa nani. Nilichanga kwa sababu orodha ilikuwa inazunguka kwa WhatsApp na jina langu lilikuwa halina tiki. Jumlisha hizo tatu tu. Ni 18,800. Bado sijaweka ile simu mpya niliyokuwa nalipia kidogo kidogo kila siku, wakati ya zamani ilikuwa inafanya kazi vizuri, kioo tu ndicho kilikuwa na ufa.

Kumbe sikukopa kwa sababu ya njaa. Nilikopa ili nisionekane nimeishiwa.

Najua kuna anayesoma hapa ambaye amekopa ya njaa kweli. Mtoto yuko hospitali, landilodi amefunga mlango kwa kufuli, mtu amesimamishwa kazi kule viwandani Athi River bila notisi. Huyo sina la kumwambia kuhusu boda na bando, na yeyote anayemwambia aache chai ya mkahawani hajui maisha yake. Lakini wewe na mimi tunajuana. Tukisema "maisha magumu" tukiwa tumeshika simu ya elfu 20 ya deni, tunamwibia yule mwenye shida ya kweli maneno yake.

Na Idd je? Mwezi mzima wa Ramadhan tunafundishwa kujizuia, siku ya mwisho tunakimbia madukani na pesa ya kukopa, kanzu mpya, viatu vipya, picha zipande. Idd mosi tunang'ara, Idd pili simu inaita tunaigeuza kifudifudi mezani. (Na wewe unayepanda ile ndege ya Aviator saa sita usiku kwa pesa ya Fuliza, wewe tutaongea kando, maana hapo haramu mbili zimepandana.)

Haya, sasa nifike kwa jambo ambalo ustadhi na mayouth wote hawakuligusa. Aibu.

Kati ya yale madeni saba, moja lilikuwa la apu ambayo sitaitaja. Nilichelewa siku nne. Siku ya tano wakampigia mama yangu. Mtu asiyemjua akamwambia mwanao ni mwizi, mwambie alipe. Wakampigia mjomba. Wakampigia mtu niliyemfanyia kazi miaka miwili nyuma. Deni lenyewe lilikuwa 2,800. Usiku ule ule nilikopa kwingine nikalipa, yaani nilitoka shimo moja nikaingia lingine refu zaidi, na nilishukuru.

Kilichoniuma baadaye si matusi. Ni kwamba ile mbinu ilifaulu. Walijua kitu kimoja kuhusu sisi: kwamba kijana wetu yuko tayari kulipa bei yoyote ili mama yake asijue.

Na kumbe wakati huo sheria ilikuwa upande wangu, mimi ndiye sikuwa na habari. Tangu Machi 2022 Kenya ina kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali. Mkopeshaji haruhusiwi kukutisha, kukutukana, wala kuchukua namba kwenye simu yako ili awapigie jamaa zako kwa sababu umechelewa. Anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu inaweka orodha ya wenye leseni kwa tovuti yake, kwa hivyo angalia kabla ya kubonyeza "kubali". Deni likishakushinda kulipa, riba inayodaiwa haiwezi kupita kile kiasi cha deni chenyewe. Mtu asikuletee 9,000 juu ya 2,000. Tangu 2020 deni la chini ya shilingi 1,000 halikupeleki CRB, kwa hivyo akikutisha nalo mwambie asome. Juu ya hayo kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga kampuni moja, Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatumia vitisho. Waliolalamika walikuwa watu kama wewe, walihifadhi meseji, wakapeleka malalamiko. Mimi meseji zangu nilizifuta kwa aibu. Ushahidi wote nikaufuta mwenyewe kwa kidole changu.

Hapa Machakos tuna hadithi ambayo inanijia kila nikifikiria hili. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni iliwaambia Wakamba: udongo wenu unakwisha, na makosa ni yenu, mna ng'ombe wengi mno. Ikaanza kuchukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Haikutaja kwamba ardhi nzuri ilikuwa imeshachukuliwa na walowezi. Muindi Mbingu akakusanya watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda mpaka Nairobi, wakapiga kambi, wakasema hawaondoki mpaka waonane na gavana. Serikali ikarudi nyuma. Muindi mwenyewe ikamkamata, ikampeleka kizuizini Lamu.

Ona walichokataa. Walikataa kuambiwa kwamba umaskini wao ni tabia yao mbaya, kila mtu na zizi lake, kila mtu na aibu yake. Wakatoka nje pamoja mchana.

Lakini udongo ulikuwa unakwisha kweli. Mkoloni alidanganya kuhusu sababu. Makorongo yalikuwepo, kila mtu aliyaona. Na miaka iliyofuata watu wa hapa wakayashughulikia wenyewe, mlima baada ya mlima, kwa matuta ya fanya juu, wengi wakifanya kazi kwa mwethya: leo tuko shamba lako, kesho langu, jembe ni letu sote. Watafiti walioandika juu ya Machakos mwaka 1994 walikuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 na mmomonyoko umepungua. Ukipanda matatu kwenda Mua au Iveti utayaona hayo matuta mpaka leo, ingawa wengi wetu tunapita tukiwa tumeinamia simu.

Watu wale wale waliomkatalia gavana ndio waliochimba matuta. Hakuna aliyesema "tusichimbe kwa sababu kosa ni la mkoloni". Ndio maana nawakasirikia ustadhi na mayouth kwa pamoja.

Na kamati za misikiti, msijifiche nyuma ya nguzo, nimewaona.

Sura Tawba aya ya 60 inataja makundi manane ya wanaostahili zaka. Mafakiri na maskini tunawajua. Wenye madeni wamo pia, wana fungu lao, hatukuliongeza sisi. Ni lini mara ya mwisho umesikia tangazo msikitini: mwenye deni lililomshinda aje baada ya Isha, tutamsitiri? Mimi sijasikia. Nimesikia michango ya kapeti, ya spika, ya mnara. Sikatai mnara. Lakini kijana akitafuta mahali pa kusema "nimezama", anaona apu iko wazi saa nane za usiku na haimuulizi baba yake ni nani, na msikiti umefungwa kwa kufuli.

Vyama vyetu navyo. Nawajua akina dada na akina kaka hapa hapa mjini wanaotoza asilimia 10 kwa mwezi kwenye chama, kisha wanaandika "riba ni haramu" kwa status. Asilimia 10 kwa mwezi ni ghali kuliko M-Shwari. Tumewashinda, mashallah.

Basi sisi tumefanya nini? Kidogo. Tulianza watu tisa. Siku ya kwanza kila mtu alikuja na karatasi ameandika madeni yake yote, anayemdai, kiasi gani, na yanaongezeka vipi. Tulikuwa tunakumbushana kwamba aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani ni ya kuandika deni, na katika watu tisa hakuna hata mmoja aliyekuwa na daftari. Kusoma zile karatasi kwa sauti kulichukua saa mbili. Kuna mmoja alilia. Mwingine alicheka mpaka akalia, kwa sababu aligundua anamdai mtu ambaye naye anamdai yeye.

Tunaweka shilingi 100 kila mtu kwa wiki. Kwa wiki ishirini ni 18,000. Pesa inatoka kama mkopo bila nyongeza, na inaenda kwa lile deni linalotoza zaidi, si kwa lile linalopiga kelele zaidi. Hilo tulibishana sana, maana roho inataka kumnyamazisha anayepiga simu. Tumewatoa watu wanne kwenye apu. Sharti ni moja: mume au mke ajue. Mimi nilimwambia wangu jioni moja baada ya Maghrib, madeni yote saba. Alinyamaza muda mrefu sana. Halafu akaleta karatasi yake. Alikuwa na matatu.

Nyumbani sasa pesa ikiingia tunagawa siku ile ile: kodi, maji ya mitungi, tokeni za stima, chakula. Mahindi na maharagwe tunanunua kwa gorogoro Marikiti tunaweka ya mwezi, badala ya pakiti ya unga kila siku ya pili. Natembea kwa miguu asubuhi, jioni mvua ikinyesha napanda boda, mimi si malaika. Michango ya harusi ninatoa nilicho nacho, na kama sina naandika "nitaomba dua", na hakuna aliyekufa. Deni la Fuliza nilipolimaliza nilijitoa kabisa kwenye huduma. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Mara mbili nilisimama dukani nikarudisha sukari.

Mmoja wetu alichukua 3,000 akahamia Mlolongo na sasa hashiki simu. Tunajua kwao. Hatujampigia mama yake.

Jumapili hii tunakaa tena baada ya Asri, Machakos mjini. Andika "niko" kwa inboksi tukuelekeze mahali. Usiandike madeni yako hapa kwa komenti, tafadhali, kuna watu wabaya wanasoma. Dada zetu wana kikao chao upande wao saa hiyo hiyo. Ukija, beba taarifa yako ya miezi mitatu. Kalamu nyekundu tunazo.